Ndege Aliyemchagua Papa

Mwezi uliopita tulimzika Shangazi Feza. Kwenye matanga, nyumbani kwake Blacktown, huku Sydney, watu wa kanisa walisimama mmoja baada ya mwingine kumtolea ushuhuda, na mzee mmoja akasimulia habari ya ndege. Alisema zamani, kaka yake Shangazi alipokuwa mgonjwa, kulikuwa na ndege mbaya aliyetumwa kumfuata, na Shangazi akauzunguka mti wa ndege huyo kwa maombi mpaka akanyamaza kabisa. Watu wakasema amina. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, naye akasema amina. Mimi nilishika sahani ya wali mpaka ikapoa. Huyo kaka yake Shangazi alikuwa baba yangu, na yule ndege hakunyamazishwa na maombi. Sijawahi kumwambia mtu. Ninyi wa rika langu mliokulia huku, mliokuwa mkiambiwa nusu ya kila kitu kwa sababu ni watoto, labda mtanielewa kuliko wazee.

Nilikuwa na miaka tisa. Mwaka huo tulihama Blacktown kwa sababu Mama alipata kazi katika nyumba ya kutunza wazee, kwenye kijiji kilichoko mwisho kabisa wa Sydney, upande wa kusini-magharibi, ambako unashuka treni kisha unangoja basi linalopita mara nne tu kwa siku. Kijiji chenyewe kilikuwa barabara moja. Kulikuwa na kituo cha mafuta, duka ambalo ndilo lilikuwa posta pia, shule ya watoto wasiofika hamsini, na kanisa la mawe lililofungwa muda wote. Kwingine kote ni mashamba ya farasi. Weusi tulikuwa sisi watatu peke yetu. Watu walitupungia mkono sana, kuliko walivyopungiana wao wenyewe. Tulipanga nyumba ya mbao yenye mkaratusi mkubwa nyuma, na tulihamia katikati ya baridi, wakati kila asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi na zilivunjika chini ya kiatu kama chumvi ya mawe.

Kisha jua likaanza kurudi. Migunga ya huku haingoji joto liingie. Ilichanua baridi ikiwa bado ipo, maua ya njano madogo madogo ya duara, laini kama unga, na hewa yote ikanuka asali iliyochanganyika na vumbi. Asubuhi ulivaa sweta mbili, adhuhuri ulikuwa umezifunga zote mbili kiunoni. Mpaka leo nikipita mahali migunga imechanua huongeza mwendo, kabla sijajua kwa nini.

Katika siku hizo Papa, ndivyo nilivyomwita baba, aliacha kwenda kazini. Tangu tulipofika nchi hii alikuwa akifanya kazi ghalani, kupanga maboksi, zamu za usiku, na mimi nilimjua kama mtu aliyelala nyuma ya mlango uliofungwa huku sisi tukitembea kwa ncha za vidole. Sasa alikuwa nyumbani kutwa. Nilipomuuliza Mama alinijibu, "Papa anapumzika," akaendelea kukunja nguo. Nikatazama nje, nikaona jua, nikaunganisha mambo mwenyewe. Niliamini kwamba huku, baridi ikiisha, wanaume hupewa mapumziko ili waote jua. Nilimwambia hata mwalimu wangu kwamba Papa yuko kwenye likizo ya jua. Alinitazama kidogo, akasema hilo ni jambo zuri.

Papa alikuwa na kiti cha plastiki alichokuwa akikihamisha kulifuata jua. Asubuhi kilikuwa kwenye ukuta wa jikoni, adhuhuri kando ya tangi la maji, na niliporudi shuleni nilimkuta karibu na banda la mbao, kichwa kimeegemea nyuma, macho yamefumbwa. Nilikuwa nakaa chini, mgongo wangu kwenye miguu yake. Alimenya machungwa kwa kisu bila kukata ganda, likatoka refu kama utepe, akanivisha shingoni. Aliniita "mama yangu," kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na aliponiita hivyo sauti yake ilikuwa na heshima ya utani, kana kwamba kweli ningeweza kumchapa.

"Mama yangu, leo mwalimu amekufundisha nini?"

Mimi nilimjibu kwa Kiingereza, kama nilivyozoea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya. Sasa nisimulie tena, na safari hii niongeleshe kama mtu wa kwetu."

Nilifurahi. Lazima niliandike hili, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Siku zile zilikuwa nzuri kuliko siku zote za utoto wangu. Niliona macho yake yameanza kuwa ya njano, nikadhani ni yale maua, kwa kuwa yalikuwa kila mahali, kwenye vioo vya gari, kwenye maji ya ndoo, hata kwenye nywele zangu. Niliona tumbo lake limekuwa kubwa, nikamcheka kwamba likizo inamnenepesha. Naye akalipiga tumbo kwa kiganja kama ngoma, akasema, "Nimekuwa bosi." Jumanne walikuwa wanakwenda mjini, yeye na Mama, na kila mara niliambiwa wamekwenda kwa ajili ya makaratasi. Sikushangaa. Familia yetu ilikuwa na makaratasi tangu kambi ya wakimbizi. Nilidhani watu wote duniani hukaa hivyo.

Mwezi wa tisa alipanda lengalenga, mchicha wa kwetu. Kwetu Uvira mwezi wa tisa mvua inaanza na watu wanatia mbegu ardhini, na yeye alipoona jua na mawingu pamoja hakuhitaji ushauri. Jirani yetu, mzee mzungu aliyeitwa Doug, alisimama upande wa pili wa ua na kikombe chake cha chai.

"Bado mapema, rafiki," akasema kwa Kiingereza. "Baridi itarudi."

"Mwezi wa tisa ni mwezi wa tisa," Papa akamjibu.

Baridi ilirudi usiku mmoja tu. Asubuhi vile vichipukizi vilikuwa vimelala chini, vyeusi. Doug alikuja na kikombe chake, akatazama, akawa muungwana, akanywa chai yake. Papa ndiye aliyecheka. Akachukua mbegu zilizobaki akazirudisha kwenye bahasha, akaandika juu yake kwa kalamu. Nikamuuliza ameandika nini. Akasema, "Nimeandika mwezi wa kumi." Aliposema hivyo alikuwa ameacha kucheka.

Yule ndege alianza wakati huohuo. Wenyewe wanamwita magpai. Ni mweusi mwenye mabaka meupe, ukimwona kwa mbali ni kunguru wa kwetu, lakini huimba, na wimbo wake ni kama mtu anayepiga mluzi huku ana maji mdomoni. Papa aliupenda sana wimbo ule. Ila ndege mwenyewe hakumpenda Papa. Alikuwa na kiota juu ya mkaratusi, na kila Papa alipotoka na kiti chake, alishuka kutoka nyuma kimyakimya, ukasikia mdomo unagonga tak! kama mkasi, na Papa ameshika kichwa. Mimi nilipita chini ya mti uleule, hakunigusa. Mama alianika nguo palepale, hakumgusa. Ni Papa tu.

Doug alieleza kwamba ndege hawa wana kumbukumbu ya sura, na majira haya wanalinda watoto. Mtu mmoja akimtisha mara moja, basi, amekwisha kuandikwa. Akatuletea ndoo tupu ya aiskrimu, akatufundisha kuchora macho mawili makubwa upande wa nyuma, maana ndege haji ukimtazama. Papa akaivaa kichwani. Alikwenda nayo mpaka dukani, akamsalimia mama wa posta kwa adabu zote, na yule mama akaongea naye kuhusu stempu kana kwamba hakuna kitu kichwani pake. Tulicheka njia nzima kurudi, ingawa ilibidi tusimame mara tatu ili apumzike. Nilidhani anasimama kwa sababu ya kicheko.

Jumamosi moja Shangazi Feza alikuja kutoka Blacktown na mchungaji na kina mama wawili, gari limejaa vyungu. Shangazi alikuwa mkubwa wa Papa kwa miaka miwili na alimwongelesha kama mtoto. Aliposhuka tu garini, Papa akatoka kumpokea bila ndoo yake, na ndege akashuka. Alimpiga Papa sikioni, damu ikatoka.

Shangazi alisimama na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, mikononi, hakulia, hakupiga kelele. Ndilo lililonitisha, kwa sababu Shangazi alikuwa mtu wa kelele.

"Kaka. Ile ndege inakufata tangu lini?"

"Tangu mwezi jana. Ingia ndani, chakula kitapoa."

"Inapiga na wengine?"

"Hapana, ni mimi tu. Inajua kuchagua mwanaume mzuri."

"Na wewe unacheka!"

"Nifanye nini, Feza, niite polisi?"

Hawakula kwanza. Mchungaji alivua koti, wakashikana mikono kuuzunguka mkaratusi, wakaanza kuomba kwa sauti kubwa. Mama alisimama mlangoni, mikono ameifunga kifuani. Doug alitoka nje na kikombe. Ndege alitulia juu ya tawi mpaka mchungaji alipoinua mikono na kuamuru kwa jina la Yesu, hapo akashuka moja kwa moja kwenye upara wake. Mama mmoja akapiga yowe na kukimbilia garini. Mchungaji akaendelea kuomba akiwa ameinama, mkono mmoja juu ya kichwa. Doug akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ua, "Mwambieni nina ndoo nyingine!" Papa alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, akashindwa kuinuka, ikabidi Mama na Shangazi wamshike huku na huku. Hapo hapakuwa na aliyecheka tena.

Jioni nilikuwa chini ya meza ya jikoni nikichezea vifuniko vya chupa, na Mama na Shangazi wakaosha vyombo bila kujua kwamba nipo.

"Nakuambia, mke wa kaka," Shangazi akasema. "Ndege ya namna ile haiachi. Ikishamchagua mtu, inamfata mpaka inammaliza."

"Feza, nyamaza. Daktari amesema ni ini."

"Ini linatoka wapi? Mtu mzima, hanywi pombe!"

"Nyamaza nimesema. Mtoto atasikia."

Nilikuwa nimeshasikia. Neno "ini" nililijua kama nyama ya kukaanga na vitunguu, halikuniambia kitu. Nililolishika ni la kwanza, la ndege anayemfuata mtu mpaka anammaliza. Na mara moja mambo yote yakakaa mahali pake: kuchoka, kusimama njiani, kushindwa kuinuka kwenye nyasi. Likizo ya jua ilikufa pale chini ya meza. Papa alikuwa anamalizwa, watu wazima wamejaribu wameshindwa, na mchungaji mwenyewe amepigwa upara ukavuja damu.

Baada ya siku chache nilirudi kutoka shuleni nikamkuta Papa amelala ndani. Mama alikuwa kazini. Chini ya mkaratusi kulikuwa na kinda. Watoto wa ndege hawa hutoka kiotani kabla ya kujua kuruka, hukaa siku kadhaa chini wakililia chakula, na wazazi huwalisha hapohapo. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba ameanguka, wa kijivu, mkia mfupi, amefungua mdomo kunielekea. Hakuniogopa. Nikafikiri kwamba ndege akikosa mtoto wa kulinda hatakuwa na sababu ya kukaa hapa. Nilimwinua kwa mikono miwili. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kwenye vidole vyangu, na alikuwa na joto kuliko nilivyotazamia. Nikampeleka nyuma ya banda, upande ambao jua hupiga mchana wote, nikamfunika kwa ndoo ya bati na juu yake nikaweka jiwe.

Wazazi wake waliniona. Hawakunipiga hata wakati huo. Walitua juu ya paa la banda wakaita, na yeye akawajibu kutoka ndani ya ndoo. Niliingia ndani, nikapaka mkate siagi, nikaongeza sauti ya televisheni. Nataka kuwa mkweli. Sikusahau. Sikukusudia afie mle ndani, lakini kila sauti yake ilipopungua nilijua inapungua, na nilibaki nimekaa. Siku ya pili sikwenda kutazama. Ya tatu pia.

Ndege wale waliita siku mbili, kisha wakanyamaza. Papa alitoka na kiti chake, hana ndoo kichwani, hakuna aliyemshukia. Shangazi akapiga simu. Nilimsikia kutoka chumba cha pili akilia haleluya. Nilikaa miguuni pa Papa nikisubiri macho yake yarudi meupe. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nilimuuliza kama njaa imerudi. Nilimletea mkate, nikamtazama akitafuna.

"Ile ndege imekwenda wapi?" akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe. "Jua bila wimbo wake haliko sawa."

Aliinuka, akazunguka banda polepole akishika ukuta. Nilijua anakwenda wapi, nikabaki kando ya kiti chake. Nikasikia jiwe linaanguka. Nikasikia bati.

Alikaa kule muda mrefu. Alipoita, hakuniita mama yangu, aliniita kwa jina.

Alikuwa amechuchumaa, na kinda alikuwa kwenye kiganja chake, amekauka, manyoya yamelala upande mmoja. "Ni wewe?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Kwa nini?"

Alingoja. Papa alijua kungoja kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

"Ili upone," nikasema mwishowe.

"Nani alisema nitapona hivyo?"

"Shangazi. Alisema ndege akikuchagua anakumaliza. Alikuwa jikoni na Mama."

Alifumba macho. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Badala yake alikaa chini kabisa kwenye udongo, mgongo kwenye ukuta wenye joto, akaniambia nikae.

"Sikiliza. Mimi nilikuwa mgonjwa kabla huyu ndege hajajenga. Nilikuwa mgonjwa Blacktown. Ini langu limeharibika, hii tumbo ni maji, na haya macho ni hiyo ini. Hakuna mtu amenitumia kitu. Huyu alikuwa analinda mtoto wake, na mtoto huyu hakukukosea. Umesikia?"

"Nimesikia. Na sasa utapona?"

"Hapana."

Mpaka siku hiyo watu wazima walinijibu kila swali kwa pumziko, makaratasi, au nenda kacheze. Hakuna aliyekuwa amenipa neno moja lililokamilika. Nakumbuka kwamba sikulia. Niliuliza, "Ni leo?"

"Leo hapana," akasema.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulitaka ufurahie jua." Akalitazama kinda mkononi mwake. "Tulikosea."

Tulimzika chini ya mgunga. Mimi nilichimba, yeye akanielekeza, na hakunisaidia, ingawa nadhani hata angetaka asingeweza. Kwa Mama alisema ni paka aliyemuua. Shangazi alipopiga tena kutangaza kwamba kanisa zima linashukuru, Papa alinitazama, akamjibu, "Ni kweli, imenyamaza," akampa Mama simu. Ndiyo hivyo ushuhuda ulivyopatikana.

Tangu hapo nilimuuliza kila asubuhi, kabla ya basi la shule. Niliingia chumbani kwake nimeshajiandaa, nikasimama karibu na mto. Niliuliza kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza maneno yalikataa kutoka.

"Papa, ni leo?"

"Leo hapana. Nenda shule."

Nami nilikwenda, nikacheza, nikafanya hesabu, kwa sababu alikuwa hajanidanganya. Wageni walikuja na kuondoka, muuguzi akaanza kufika mara mbili kwa wiki, kitanda kikasogezwa dirishani. Watu wote walimwambia atapona. Walisimama mlangoni wakaniambia na mimi, wakinishika kichwa. Niliwaitikia. Maua ya njano yalikauka yakawa kama kutu, yakapeperuka, joto lenyewe likaingia, na kila asubuhi alinijibu vilevile. Sauti yake ilikuwa inapungua, lakini sasa niliisikiliza mpaka mwisho.

Kisha ikaja asubuhi moja. Niliuliza, na hakujibu. Alikuwa anatazama darini. Nikauliza tena.

"Leo sijui," akasema.

Kutoka jikoni Mama akaita, "Basi linakuja! Wewe mtoto, haraka!"

"Mwambie mama yako basi liende," Papa akasema.

Nikamwambia. Mama alikuja akasimama mlangoni na kopo langu la chakula mkononi, kinywa kimefunguka kunigombeza, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba lile alilokuwa akinificha miezi yote, sisi wawili tulikuwa tukiliongea kila asubuhi. Akaliweka kopo sakafuni. Honi ikapigwa mara mbili, kisha tukasikia basi linaondoka. Nikavua viatu, nikapanda kitandani upande wa ukutani.